Wenzo

Leo wametoa masanduku.
Vijana wawili wa stoo wakayapanga ukumbini
kama kreti za soda.
Ishirini na mawili: bati, kioo kilichokwaruzwa, taa nyekundu,
na ndani ya kila moja wenzo wa shaba
uliong'arishwa na viganja vya panya.

Nikaambiwa nitie sahihi. Nikatia.
Miaka thelathini na mmoja katika chumba cha chini, Chiromo,
niliwalisha, nikawapima, nikawaandika.
Wanafunzi wakaniita Baba Panya, nikaitika.

Profesa Mbithe alifungua muhula hivi:
zamani waliitaka nafsi ijitazame yenyewe,
mtu akae kitini, aeleze ladha ya mawazo yake.
Kila mmoja akaja na yake, na nani angembishia?
Ndipo wakatokea waliosema: basi, mlango ufungwe.
Tupeni kinachoingia. Tupeni kinachotoka.
Akachora mraba ubaoni, ndani asiandike kitu.

Msichana mmoja akauliza:
"Elimu ya nafsi bila nafsi, si ugali bila unga?"
Darasa likacheka. Profesa akamrushia peremende.
Akauliza maswali muhula mzima, yule.

Mimi nilikuwa muumini, usinicheke.
Ni dini nyepesi kubeba, haikuulizi unahisi nini.
Kengele ya chai saa nne: mate yanajaa kabla ya birika.
Mlio wa pesa kwenye simu: moyo unaruka
hata simu ikiwa ya jirani.
Mwanangu alidungwa sindano Mbagathi na mtu wa koti jeupe,
akawa anamlilia kinyozi wetu wa Kangemi.
Dawa nilikuwa nayo. Kinyozi na biskuti, kinyozi na biskuti.
Akapona. Lazima niseme hivyo: alipona.

Ninayemkumbuka ni Kumi na Saba.
Tulimzoesha tuzo, kisha tukaikata.
Tabia huzimika, ndivyo tulivyofundishwa,
lakini kabla ya kuzimika huwaka:
alibonyeza mara mia mbili kwa saa, akauma chuma, akabonyeza,
halafu akajikunyata pembeni.
Nikaandika sufuri. Sufuri. Sufuri.
Nikampumzisha siku mbili. Ya tatu
akaenda moja kwa moja kwenye wenzo.

Kageha alipofariki, Juni, baridi ile ya ukungu,
nilipiga namba yake usiku.
Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.
Nikapiga jikoni. Nikapiga kwenye foleni ya benki.
Mara arobaini siku ya kwanza; nilihesabu,
kuhesabu ndiyo kazi niijuayo.
Kisha ishirini. Kisha tatu. Sufuri.
Grafu safi kabisa, ya kumwonyesha Profesa.

Ila grafu haikujua
kwamba sikumngoja aitike.
Nilikuwa nafuata yale maneno mawili ya mwisho,
kwa sasa.

Ghorofani siku hizi mraba umefunguliwa.
Wana kofia ya nyaya, skrini yenye rangi, mishale kila upande.
Wanayacheka masanduku yangu,
na simu zikitetemeka mifukoni
wanabonyeza.

Nimeng'oa wenzo mmoja. Umo kwenye koti.
Askari wa lango alinikagua mkoba, mfuko hakuugusa.
Neno lenyewe lanishangaza:
litangulizie herufi moja tu, ni mwenzo.

Na jana, baada ya miaka miwili ya sufuri,
sijui kidole kilitumwa na nani,
nilipiga.
Ikaita.
Sauti ya kijana, nyuma yake mtu anakaanga kitu: "Haloo?"
Namba wameshampa mwingine.
Nikasema, samahani.
Akasema, si neno, mzee, umeshinda vipi?

Daftari liko wazi mbele yangu.
Saa nimejaza. Idadi ya mibonyezo, moja.
Safu ya tuzo
bado nimeshika kalamu.